Kliniki ya wajawazito Tanga mjini ukiwa kwenye kiti mwendo: uzoefu wangu

Nianze na alama, maana najua wengi mnaangalia hapo kwanza: tatu kati ya tano. Kituo sikitaji jina. Haya haya nimeyasikia kwa wenzangu wa Makorora, Pongwe hadi Muheza, kwa hiyo kukisakama kimoja ni kukionea.

Nilihudhuria kwa mimba ya mtoto wangu wa pili. Polio ilinipata utotoni, kabla nchi haijaimaliza (mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili hapa Tanzania alionekana 1996). Miguu yote miwili haina nguvu. Kiti changu ni kile cha magurudumu matatu, cha njia mbovu, na hakikunjiki. Kwenye mchanga na mashimo ya mitaa yetu hakina mpinzani, na kwa kuwa tairi zake ni za baiskeli, fundi yeyote wa Ngamiani anaziba pancha. Shida ni bajaji. Dereva akikiona tu anaanza kukuna kichwa, kisha anataja bei ya watu watatu. Daladala sizitaji kabisa. Kwa sera, huduma za mjamzito katika vituo vya serikali ni bure, na kweli kadi sikulipia. Pesa yangu yote iliishia barabarani, na wifi yangu anayenisukuma naye ana nauli yake.

Kuingia ndani ni raha. Mteremko wa zege upo, una bomba la kushikia, na haukutoi jasho. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na hapa mtu aliifuata. Ila aliifuata mpaka mlangoni, basi.

Kitu cha kwanza kliniki ni uzito, na mizani ni ya kusimama. Mimi sisimami. Nesi akaangalia mizani, akaniangalia mimi, akaruka kile kisanduku kwenye kadi na kwenda kwenye presha. Mahudhurio yaliyofuata hivyo hivyo. Sasa uzito kwa mjamzito si pambo la kadi. Ukipanda ghafla pamoja na presha na kuvimba, wanatakiwa wakufikirie kifafa cha mimba. Na ikibidi upasuaji, zipo dawa za usingizi zinazokadiriwa kwa kilo. Nilipolalamika, nesi kijana aliyekuwa mafunzoni akasema, "Dada, si kuna mnunuzi wa mahindi jirani? Ana mizani ya magunia." Wakubwa wake wakacheka. Mimi na wifi tukaenda. Nikapandishwa jukwaani na kiti changu, nikasomwa, halafu nikashushwa juu ya gunia tupu, kikasomwa kiti peke yake, tukatoa. Mwenye duka hakutaka hela, alitaka tu kujua kiti kina kilo ngapi. Namba ikaandikwa kwenye kadi, na kuanzia hapo nilifika kliniki na uzito wangu mkononi. Mizani ya jukwaa kama ile si mtambo wa kusubiri wafadhili, kila soko inayo.

Kitanda cha kupimia ni kirefu, na kingazi chake kina hatua mbili. Wahudumu wawili wakanibeba, mmoja kwapani, mmoja magotini. Nilikuwa na mimba kubwa na niliogopa kuanguka kuliko nilivyoogopa leba yenyewe. Hapa ndipo nampa sista mmoja mtu mzima sifa zake. Alipoingia akauliza kwa nini nabebwa, akanipeleka chumba cha kupumzikia, kwenye kitanda kifupi cha kawaida, nikajihamisha mwenyewe kutoka kwenye kiti. Kimo cha mimba na mapigo ya moyo ya mtoto akavichukua pale pale. Hakuna kilichonunuliwa. Siku asipokuwa zamu, tunarudi kwenye kubebana.

Choo ni cha kuchuchumaa na kina kidaraja mlangoni. Wanataka mkojo wa kupima, na mkojo wenyewe utautoa wapi? Wengi wetu hatunywi maji tangu usiku kuamkia kliniki ili tusije tukabanwa, na kwa mjamzito kukaa bila maji hivyo ni kujitafutia maradhi ya njia ya mkojo. Mimi nilikuwa natoka nao nyumbani kwenye kichupa walichonipa.

Maneno sasa. "Nani kakufanyia hivi, mama?" niliulizwa mbele ya benchi zima, kana kwamba nimegongwa na gari. Mwingine alinibonyeza goti kwa nguvu, akashtuka nilipolia. Polio inaua nguvu ya misuli, haiui hisia. Uchungu wa kuzaa tunausikia wote. Na si kweli kwamba kila mwenye polio lazima apasuliwe. Nyonga ndizo za kuangaliwa mapema, maana wengine zimepinda, halafu daktari ndiye aseme.

Hudhurio la kwanza wanataka uje na mwenza mpimwe VVU pamoja. Nia ni nzuri. Wangu yuko kwenye majahazi ya Pemba, haji kwa kuitwa. Bila mwenza walitaka barua ya serikali ya mtaa, na ofisi ya mtaa wetu ina ngazi. Mwenyekiti, Mungu ampe heri, alitoka nje na muhuri wake akaigonga barua juu ya mapaja yangu. Je, yule ambaye aliyempa mimba amemkana, afanyeje?

Ningekuwa na nafasi ningesema mengi juu ya dada kiziwi tuliyekuwa naye kwenye foleni. Majina yanaitwa kwa mdomo, kutoka ndani, mlango umerudishwa. Lake likaitwa, likapita, wa nyuma yake wakaingia. Alipoingia hatimaye, mkalimani wake alikuwa mwanawe, mtoto wa shule ya msingi. Majibu ya VVU yanapitia kwa mtoto! Nilimwambia sista, naye akaanza kutoka na kumgusa bega anapofikiwa. Kwa lugha ya alama hakuna aliyejua hata salamu.

Ukienda: fika baada ya saa nne, wale wa alfajiri wakishapungua, na umuulize sista mtu mzima kabla hujaingia chumba cha kupimia. Kichupa cha mkojo omba hudhurio la kwanza. Uzito usipoandikwa usiondoke. Mnunuzi wa mahindi yuko upande wa pili wa barabara, anafunga Ijumaa mchana.