Cherehani ya miguu, miezi nane sasa (hasa kwa nyie mnaojipanga)

Jamani nimekaa na hii cherehani miezi nane, sasa naona naweza kuiongelea. Ni ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, ya kichina, meza ya mbao na chuma chini, nimeichukua Kariakoo kwa laki tatu na ishirini pamoja na meza yake, bobini kadhaa (vile vigurudumu vya uzi wa chini) na pakiti ya sindano. Haina umeme, haina zigizaga (ule mshono wa kwenda kulia na kushoto), ni mshono mmoja tu wa kunyooka. Na huo mshono mmoja umenitosha kwa karibu kila kitu nilichoshona mpaka leo.

Kabla ya hapo nilikuwa najipanga. Karibu miaka miwili najipanga. Nilitaka ya umeme yenye mishono mingi, alafu na ovaloki pembeni (ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisichanike), alafu kozi ya miezi sita kwanza, alafu chumba cha mbele kiwe wazi, na kila usiku naangalia video YouTube za kukata shingo na mikono, daftari mbili zimejaa michoro na vipimo na sijashona hata leso. Mtu akiniuliza vipi ile ishu ya kushona nasema bado najipanga. Inaniuma nikikumbuka, maana hela ya hii ya miguu nilikuwa nayo mkononi tangu mwaka wa kwanza, ikawa inaliwa kidogo kidogo huku nasubiri itimie ya mashine kubwa.

Siku hiyo dukani nilienda kuulizia bei tu. Muuzaji ni mzee, nikampa shikamoo nikaanza maswali yangu, ipi inadumu, spea zinapatikana, naweza kuifunga mota baadae (inafungwa, hilo msiwaze), akanisikiliza mpaka nikamaliza. Alafu akaniuliza, "Sasa binti yangu, kesho asubuhi unashona nini?" Nikakosa jibu kabisa. Hakuongea zaidi, akachukua kipande cha kitenge akakiweka chini ya sindano, akashusha kile kimguu cha kubana kitambaa, akavuta stuli, akasema kaa ukanyage.

Nikakanyaga gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Akatunga tena. Likarudi tena. Akanishika mkono akauweka juu ya gurudumu dogo la pembeni, "lianzishe kwa mkono lije upande wako, likishakubali ndo miguu ifuate, usilikimbize." Mara ya tano au ya sita hivi ikaenda, tak tak tak mpaka mwisho wa kitambaa. Mshono umepinda vibaya lakini nikauvuta kwa mikono miwili haukuachia. Hiyo habari ya gurudumu kurudi nyuma nilikuwa nimeshaiona kwenye video zaidi ya mara moja, ni miguu yangu ndo ilikuwa haijui. Kile kipande ninacho mpaka leo, nakiwekea sindano.

Wiki ya kwanza nikashona foronya nne za kitenge cha zamani. Wiki ya pili jirani akaleta sketi ya kupunguza urefu, elfu mbili, nikaogopa lakini nikaipokea. Ilipofika Januari shule zinafunguliwa ndo nikaelewa, kushusha pindo za suruali zilizokuwa fupi, kubadilisha zipu, kuziba magoti, kazi ambayo mafundi wakubwa hawaitaki maana wamejaa oda za magauni. Yote hiyo ni mshono wa kunyooka. Na umeme ukikatika mtaa mzima mimi naendelea, wateja wengine wamekuja kwangu kwa sababu hiyo tu.

Sasa ubaya wake maana upo. Mkanda wa ngozi unaounganisha gurudumu la chini na la juu ukiwa mpya unalegea, unakanyaga chini kunazunguka juu kumesimama. Unakata kipande kidogo sana, unatoboa tundu jipya, unarudisha kile kipini cha waya, basi, usikate kingi utajuta. Nati za miguu ya meza zilikuja hazijakazwa, wiki nzima nilidhani cherehani mbovu kumbe meza inacheza. Kwa vitambaa vinavyochanika pembeni nakunja mshono ndani mara mbili, au nampelekea fundi mwenye ovaloki ananifanyia kwa hela kidogo. Shifoni inanisumbua bado, sindano namba 11 na taratibu. Kitenge namba 14 inatosha, jinzi weka 16 au 18 na pale kwenye makutano mazito zungusha kwa mkono. Uzi ukijazana chini ya kitambaa usianze kufungua bobini kama mimi nilivyopoteza jioni nzima, mara nyingi ni wa juu haujaingia vizuri kwenye zile sahani ndogo za kukaza uzi, toa tunga upya kimguu kikiwa juu. Na mafuta yawe ya cherehani, ya kupikia yanaganda.

Hela yake imerudi mwezi wa sita tangu niichukue. Ovaloki nitanunua, sasa hivi najua kabisa itafanya kazi gani na kwa nguo zipi.

Kwa anayeanza mimi naipa tisa kwa kumi, moja ni ya zile nati. Ukienda kuchukua ya kwako beba kitambaa chako kutoka nyumbani, hata shuka lililochakaa, ukae hapo hapo dukani ushone nalo kabla hujatoa hela, na mkanda wa ziada uchukue siku hiyo hiyo, mimi nilipanda daladala mara mbili kwa ajili ya mkanda.