BCM ya pikapu, Mtwara: laki tisa na nusu zimekwenda, ethi haikuguswa

Nianze na jibu nililopewa, maana limenichoma kuliko hela yenyewe. Nilimuuliza fundi mkuu wa gereji moja hapa Mtwara mjini kama alipima ethi, ule waya unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia bodi, kabla ya kutangaza kwamba moduli ya bodi (BCM, boksi la kompyuta) imekufa. Akanijibu mbele ya vijana wake, huku anajifuta mikono: "Bosi, kama unajua si ungetengeneza mwenyewe?" Kipimo nilichokiulizia hakichukui hata dakika mbili.

Gari ni pikapu ya dizeli ya mwaka 2012, kabini mbili, inayobeba mizigo kati ya Mtwara na Newala. Aina yake siitaji, kwa sababu ugonjwa huu hauchagui jina. Gari yoyote yenye BCM inaweza kuupata. BCM ni lile boksi linaloamrisha indiketa, wipa, honi, loki za milango, taa za ndani na, kwenye gari nyingi, funguo yenye chipu. Dalili zilikuwa hivi. Wipa zinaanza zenyewe jua likiwaka. Indiketa ya kushoto inakimbia kana kwamba balbu imeungua, na balbu ni nzima. Milango inajifunga katikati ya safari. Ukiilaza gari siku mbili tatu, betri imekwisha.

Fundi mkuu alichomeka mashine ya kusomea hitilafu, akaona kodi (alama za hitilafu) zimejaa, zinazoanza na U na B, akaichomoa. "BCM hiyo, imekufa." Basi, hukumu imetoka. Lakini kodi zinazoanza na U zinasema tu kwamba moduli hazisikilizani, hazimtaji mkosaji. Umeme ukiyumba, hata boksi zima kabisa linajizima na kuwaka mara kwa mara, na moduli zote jirani zinaandika malalamiko. Kusoma kodi hizo na kuagiza boksi ni sawa na kusikia mtoto analia ukampa dawa ya malaria bila kumgusa paji la uso.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Betri iliyolala usiku isome karibu volti 12.6, na injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5. Halafu washa taa kubwa, feni na wipa, ili umeme wa kutosha upite. Acha soketi ya BCM ikiwa imechomekwa. Mita iweke kwenye volti, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye waya wa ethi wa BCM kwa nyuma ya soketi. Ikisoma volti 0.1 au chini ya hapo, ethi yako ni nzuri. Nilipoipima hii pikapu, boksi "jipya" likiwa tayari ndani, ilisoma 0.9. Karibu volti nzima inapotelea kwenye bolti moja! Ukipima ukinzani wa waya kwa ohimu na betri imechomolewa utadanganyika, kwa sababu hata uzi mmoja wa waya uliobaki unasoma karibu sifuri. Udhaifu unaonekana pale mzigo unapopita.

Bolti yenyewe iko nyuma ya plastiki ya pembeni ya miguu, inafunguliwa kwa spana namba 10. Ilikuwa imevaa unga mweupe unaoelekea kijani, na ringi ya waya chini yake imekuwa nyeusi. Maji yalitoka juu. Chini ya kioo cha mbele, pale zilipo wipa, kuna mfereji wenye matundu ya kumwagia maji. Gari ikilala chini ya mikorosho, majani yanaziba matundu hayo, na mvua ya Januari haina pa kwenda ila kuingia kwenye tundu la hewa la feni. Ikishaingia ndani inafuata waya, kama utambi wa kibatari unavyopandisha mafuta, mpaka kwenye soketi. Ongeza upepo wa bahari wenye chumvi, na wale vijana wa kuosha magari wanaoelekeza bomba la presha palepale chini ya kioo. Anayefanya ufundi wa umeme wa magari Mtwara, Mikindani au Lindi na hafungui mfereji huo kwanza, sijui anatafuta nini.

Sasa kazi yao. Boksi la mtumba liliagizwa Dar kwa laki nane, ufundi laki moja na nusu. Lilipofika, namba yake ilifanana na ya zamani isipokuwa herufi mbili za mwisho. Herufi hizo si pambo. Zinatofautisha matoleo, vifaa vilivyomo, na mara nyingine hata umbo la soketi. Kweli, soketi moja ya pembeni haikuingia. Mtu makini angelirudisha. Wao walichukua koleo wakakata soketi ya gari, wakaunga waya 16 za soketi iliyokuja na boksi, kwa kusokota na vidole na kuzungushia tepu nyeusi. Maungio yote yamewekwa sehemu moja, fundo nene kama ngumi, limesukumwa nyuma ya kapeti palepale maji yanapopita. Kwa joto letu gundi ya tepu ile inayeyuka, tepu inajifungua, na waya tupu zinabaki zinaangaliana. Kama kuunga hakukwepeki, unachomelea kwa risasi, unavalisha mpira unaosinyaa kwa moto, na maungio unayapishanisha yasikae usawa mmoja.

Kati ya waya zile kuna mbili zinazosokotwa pamoja toka kiwandani, za CAN, zinazobeba mazungumzo ya moduli. Kusokotwa kule ndiko kunakozuia kelele za umeme. Wao walizinyoosha zaidi ya shubiri. Betri ikiwa imechomolewa, kati ya waya hizo mbili unatakiwa kupata karibu ohimu 60, kwa kuwa mwisho wa kila upande kuna kizuizi cha 120. Baada ya kazi yao ilikuwa inarukaruka kila ukiligusa fundo.

Wakapiga stata. Injini ikashika sekunde moja, ikazima. Mara ya pili, vilevile. Fundi mkuu akaanza kuitaja pampu ya dizeli! Gari iliyoingia gereji inatembea, umeibadilishia boksi lenye namba ya chesisi ya gari nyingine na siri za funguo za gari nyingine, halafu unaisingizia pampu. Hapo nilikuwa nimeshaamua kuandika neno moja tu: msiende.

Neno hilo nalipunguza, kwa sababu ya kijana wa palepale gerejini, fundi wa kompyuta za magari. Aliliomba boksi la zamani na funguo zote mbili, siyo moja. Alilifungua, akabana chipu ya kumbukumbu yenye miguu minane, akaisoma mara tatu na kulinganisha mafaili yote matatu mpaka yakafanana. Kisha akasoma na la mtumba, akalihifadhi kama lilivyo, ndipo akaliandika kwa data za zamani. Kabla ya kulirudisha garini alichomoa hasi ya betri akasubiri dakika 15, kwa ajili ya eabegi. Wakati wa kuweka mipangilio kwa mashine aliunga chaja isiyoruhusu umeme kushuka chini ya volti 13, maana umeme ukiyumba katikati ya kuandika, boksi linaweza kufa moja kwa moja. Gari ikawaka, ikatulia. Kazi ya namna hii ningeilipia bila kubembelezwa.

Kwa hiyo nendeni, mkamuulize yeye? Nilitaka kusema hivyo. Lakini wakati anasoma chipu mara ya tatu, mkubwa wake alimpigia kelele: "Acha kupoteza muda, wateja wamejaa!" Kusoma mara ya tatu ndiko kulikookoa gari. Pale ambapo umakini unaitwa kupoteza muda, huwezi kuwa na hakika utampata nani siku yako. Siwapeleki mtu.

Ethi niliishughulikia pembeni kabisa ya bei yao. Bolti ilikwanguliwa mpaka chuma kikang'aa, ringi ikabadilishwa, grisi juu, mfereji ukazibuliwa majani. Volti 0.9 ikashuka hadi 0.04. Umeme unaovuja gari ikiwa imelala, ukipimwa baada ya dakika 40 ili moduli zote zilale, ulikuwa miliampea 600, ambazo kwa siku nzima zinakula zaidi ya Ah (ampea-saa) 14 za betri. Sasa ni miliampea 35. Chini ya 50 ni sawa.

Boksi la zamani waling'ang'ania kubaki nalo, wakalitoa baada ya maneno mengi. Niwape haki yao: pini mbili zilikuwa zimeliwa, moja imebaki nyembamba kama sindano, na ute wa kijani umezunguka mizizi yake. Ilitosha kusuguliwa kwa mswaki na spiriti ya asilimia 99, na pini ile ikaongezewa risasi. Likapewa volti 12 mezani, rilei zake zikalia moja baada ya nyingine. Mezani si garini, najua, bila waya wa CAN huwezi kuapa kwamba ni zima. Njia ya kujua ni kulirudisha kwenye gari na kuona. Niliwaambia walirudishe. Haiwezekani, soketi ya asili waliyoikata waliitupa.