Kituo cha kusafisha damu kisiwani Mombasa: mashine nzuri, lakini asiyetembea atafikaje kitini?

Anayetathmini kituo cha dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine, kwa kawaida hutazama mashine, usafi wa maji na ustadi wa wauguzi, na ni haki kutazama hayo kwanza, kwa kuwa mgonjwa ambaye figo zake zimekoma kufanya kazi anaishi kwa mashine hiyo. Mimi nimetazama pia jinsi kituo kinavyompokea mtu asiyeweza kusimama mwenyewe, kinavyompima, kinavyomhamisha na kinavyomruhusu kurudi kwao. Mjomba wangu, ambaye ndiye ninayempeleka, ana kisukari cha miaka mingi, amekatwa mguu wa kulia chini ya goti, na vidole vya mguu uliobaki vimepoteza hisia. Tunakaa Likoni, ng'ambo ya kivuko cha feri. Kituo chenyewe ni cha binafsi na kiko kisiwani. Sikitaji kwa jina kwa sababu wauguzi wake wametutendea wema, na kasoro nitakazozieleza ni za wasimamizi zaidi kuliko za wale wanaotuhudumia kwa mikono yao.

Kwa upande wa mashine sina lalamiko. Kipindi cha saa 4 hukamilika kwa saa 4, hakipunguzwi kwa sababu foleni imekuwa ndefu, na mashine ikilia muuguzi hufika mara moja. Fistula ya mjomba, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili damu ipitie kwenda kwenye mashine, iko mkono wa kushoto, kwa kuwa yeye hutumia wa kulia, na kabla ya kumchoma sindano wauguzi huushika kwanza mkono huo ili kuhakikisha kwa vidole kwamba mvumo wa damu upo. Hakuna anayempima presha upande huo. Wanafahamu pia jambo ambalo familia nyingi hazilijui, kwamba mtu aliyekatwa mguu hujiinua kwa mikono, ilhali mkono wenye fistula haufai kubebeshwa uzito wa mwili wala kubanwa kwa muda mrefu. Walitushauri tuyaweke kando magongo, tuchukue kiti cha magurudumu, na wakamwelekeza mjomba namna ya kujisogeza akitegemea mkono wa kulia. Nawashukuru sana kwa ushauri huo, kwa maana fistula ikiziba mgonjwa hurudishwa kwenye mrija wa shingoni pamoja na hatari zake za maambukizi.

Upungufu mkubwa uko kwenye mizani. Kiasi cha maji kitakachotolewa mwilini hukokotolewa kwa kulinganisha uzito anaofika nao mgonjwa na ule anaotakiwa kuondoka nao, na kila kilo iliyoongezeka tangu kipindi kilichopita huhesabiwa kuwa takribani lita 1 ya maji. Mizani pekee ya kituo hiki ni ya kupimwa mtu akiwa amesimama. Asiyesimama hushikiliwa na watu wawili juu yake, na uzito unaosomeka huwa umechanganyika na nguvu za walioshika. Siku nyingine huandikwa makadirio tu. Wataalamu wa figo hushauri kwamba maji yasitolewe kwa kasi inayozidi mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, ambayo kwa mtu wa kilo 60, katika saa 4, ni kama lita 3. Makadirio yakikosewa kwa kilo moja tu, mpaka huo unaweza kuvukwa bila mtu kutambua, presha ikashuka, misuli ikakaza, na mgonjwa akaondoka na kizunguzungu kinachomwangusha. Mifupa ya mtu aliyeishi na ugonjwa wa figo kwa miaka huwa imedhoofika, na nyonga ikivunjika, aliyekuwa akijihamisha kutoka kitandani hadi kitini huwa mtu wa kulala tu. Dawa ya haya ni mizani pana ya sakafuni ambayo kiti kizima hupandishwa pamoja na aliyekikalia, kisha uzito wa kiti kitupu ukatolewa. Aidha, mguu uliokatwa umeondoka na uzito wake, kwa hiyo uzito unaolengwa lazima upangwe upya baada ya upasuaji. Kwa mjomba hilo lilifanyika baada ya familia kuuliza, nami naona halikupaswa kungoja swali letu.

Mlango wa mbele una mteremko mzuri wa kupitisha kiti. Choo hakina. Mlango wake ni mwembamba, ndani hakuna vyuma vya kushikilia, na mtu anayetumia kiti hulazimika kubebwa na jamaa yake mbele ya watu au kujizuia tangu anapoondoka nyumbani mpaka anaporudi. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na haki ya kufikia kwa kadiri inayofaa mahali pote, usafiri wa umma na habari. Sioni heshima katika choo kile.

Baada ya mashine kuzimwa, kiti hutakiwa haraka kwa ajili ya mgonjwa wa zamu inayofuata. Mwenye miguu yake hukaa kwenye benchi hadi apate nguvu. Mjomba huhamishwa wakati ambapo presha yake iko chini kuliko saa nyingine zote za siku, na wanaomhamisha ni mimi na mlinzi wa mlangoni, kwa kuwa hakuna mhudumu aliyefundishwa kazi hiyo. Kisha tuktuk hadi kivukoni. Maji yanapokupwa, hasa nyakati za bamvua, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na kiti cha magurudumu kinahitaji mtu wa kukizuia mbele na mwingine nyuma. Nusu saa ya kupumzika kituoni, presha ikapimwa tena mgonjwa akiwa amekaa wima, ingetuondolea sehemu kubwa ya hofu ya safari hiyo.

Kituo hutoa pia orodha ya wahudumu wa nyumbani. Kijana tuliyempata humo ni mpole na mwenye bidii: humwogesha mjomba, hukagua kisigino kila jioni kutafuta kidonda, na humgeuza usiku. Hata hivyo hakuwa ameelezwa lolote kuhusu chakula cha mgonjwa wa figo. Katika joto la kaskazi alimletea dafu, akamwambia, "Kunywa, mjomba, upoe," kwa nia njema kabisa. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi, ambayo figo zilizoshindwa haziwezi kuitoa. Ikizidi hulegeza misuli na inaweza kusimamisha moyo. Anayependekeza mhudumu kwa jina la kituo ana wajibu wa kumfundisha mambo hayo kabla hajaingia nyumba ya mtu.

Hakuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na hili linanihuzunisha kuliko yote, kwa sababu nguvu za mwili hupotea kimyakimya. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia wakaazi 3,702 wa nyumba za kutunzia wasiojiweza walioanzishiwa dayalisisi, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja ni 1 kati ya 8 tu aliyekuwa bado na uwezo ule ule wa kujihudumia, na zaidi ya nusu walikuwa wamefariki. Wale walikuwa dhaifu tangu mwanzo, kwa hiyo si hukumu kwa kila mgonjwa, lakini somo lake linamhusu mjomba. Mazoezi mepesi ya mkono usio na sindano na ya mguu uliobaki yanaweza kufanywa hata damu ikiwa inazunguka, daktari akikubali. Saa 4 za kutazama dari zingetosha.

Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, mwezi Oktoba 2024, hulipia kila kipindi cha dayalisisi Sh 10,650. Hailipi tuktuk, wala mhudumu wa nyumbani, wala mizigo anayoibeba jamaa aliyeacha kibarua ili asukume kiti.

Kwa mgonjwa anayetembea napendekeza kituo hiki bila kusita. Kwa anayetumia kiti, nenda kwanza peke yako ukiwa na utepe wa kupimia, upime mlango wa choo, uulize atapimwa uzito kwa njia gani, na umwombe muuguzi msimamizi akuonyeshe watu watakaomhamisha. Wasimamizi nimewaandikia kuhusu mizani, vyuma vya chooni na nusu saa ya mapumziko. Wamejibu kwamba mizani imeagizwa, na mengine mawili bado hayajajibiwa.