Springi ya nyuma ya Land Rover ya mzee: nilivyohangaika Nakuru mpaka ikapona

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, pikapu ndefu ya inchi 109, ya mwaka 1980, mojawapo ya zile zilizounganishwa Thika. Mzee wangu aliniachia alipochoka kukanyaga klachi. Kazi yake ni kushusha viazi kutoka Mau Narok hadi soko la Wakulima hapa Nakuru.

Mwezi wa tano, barabara ikiwa tope tupu, nilikuwa nateremka na magunia 18 ya kilo 50 nikasikia "kwa!" chini upande wa kushoto. Nikadhani ni jiwe. Mbele kidogo gari likaanza kwenda kombo kama kaa. Tanboi akashuka, akachungulia, akacheka kwanza kabla ya kusema: "Bosi, tairi limerudi nyuma." Kweli, tairi lilikuwa karibu kulamba bodi. Jani kuu la springi lilikuwa limekatika katikati, palepale kwenye tundu la senta bolti, ile inayoyafunga majani pamoja.

Gari hizi hazina koili. Land Rover za kazi kama hizi zilianza kupata koili na One Ten, mwaka 1983. Zetu zinakaa juu ya majani ya chuma, na lile refu, mafundi wanaloliita meni, ndilo lenye macho mawili, yaani matundu ya kwenye ncha zake, yanayoshika chasisi. Mengine yanasaidia kubeba mzigo tu. Meni ikikatika, ekseli haina wa kuishikilia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupenda rahisi. Fundi wa karibu na nyumbani, kule Njoro, alichomelea jani kwa shilingi 800. Lilidumu siku sita. Likakatika tena, na si kwenye weldi, ni pembeni yake kidogo. Chuma cha springi kimepikwa kikapewa ugumu wake. Ukikichoma na weldi, pale moto ulipopita kinakuwa kama biskuti.

Nikaenda mjini kutafuta springi nzima. Duka moja waliniambia 27,000, na waliyonitolea ilikuwa ya upande wa dereva. Muuzaji akaapa zote ni sawa. Si sawa: ya dereva imepinda zaidi kidogo, maana upande ule unabeba dereva na tangi la mafuta. Ukiifunga upande wa kushoto gari litasimama limeinua bega. Nikamshukuru, nikaondoka.

Aliyenitoa kwenye shida ni mzee mmoja wa Jua Kali ambaye kazi yake ni springi tu. Hakuniuliza gari ni la nini wala nina haraka gani. Alipima upana wa jani langu, inchi 2 na nusu, akachambua rundo lake la vyuma hadi akapata jani zima la upana uleule. Akaliweka motoni, akakunja jicho taratibu akilinganisha na la zamani, akalizamisha kwenye oili chafu, kisha akalirudisha kwenye moto mdogo. Nikamuuliza kwa nini analirudisha. "Likiwa gumu sana litapasuka kama glasi, kijana wangu. Lazima likubali kuinama." Upinde wa jani lenyewe aliupiga kwa nyundo, jani likiwa limeshapoa. Saa tatu nzima nimekaa juu ya debe nikitazama, na viazi vya watu vinanisubiri.

Kilichotusumbua kuliko jani ni bushi ya kwenye chasisi, ile raba yenye bomba la chuma ambapo jicho la springi linashikia. Raba ilikuwa imekwisha kitambo na bomba lake la chuma limeshikana na kutu. Tulichoma raba, tukaingiza msumeno ndani tukalikata bomba kwa urefu, ndipo likakubali kutoka. Usikubali fundi alipige na nyundo kubwa. Utapasua chasisi, na hapo ndipo pesa zitakapoisha.

Na hili nililijifunza pale: bolti za shekeli, vile vyuma vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chasisi, hazikazwi gari likiwa juu ya jeki. Zinaingizwa, gari linashushwa likalie uzito wake, ndipo zinakazwa. Ukizikaza likiwa juu, raba inajisokota siku zote na haimalizi hata msimu. Fundi wa Njoro alikuwa amezikaza juu.

Jani 6,500, bushi zote za upande ule 2,400, yu-bolti mpya nne (zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) 1,800, kazi 2,000. Jumla 12,700. Yu-bolti nilitaka kurudisha za zamani, mzee akanionyesha nyuzi zilivyonyooka, nikanyamaza. Halafu akaniuliza mara ya mwisho kuzikaza ilikuwa lini. Sikuwa na jibu. Ndiyo maana jani lilikatikia katikati: yu-bolti zikilegea, springi inachezea kwenye tundu la senta bolti, mahali palipo dhaifu kuliko pote. Baada ya wiki moja barabarani nilizipitia tena na spana, kila nati ikala karibu nusu mzunguko.

Sasa ni mwezi wa saba tangu nifunge. Linaenda sawa, halivuti, na mzigo ni uleule. Lawama yangu kwa kazi ya mzee ni moja: kushoto kumeinuka kama sentimita mbili likiwa tupu. Anasema ni kwa sababu kulia kumechoka. Nikishavuna nitampelekea na ya kulia, na safari hii debe la kukalia nitakuja nalo lenye mto.