Kipindi kipya cha mahojiano ya michezo: usome maoni au grafu?

Kipindi cha kwanza kimeruka YouTube, mgeni ni mchezaji wa zamani wa Simba. Maoni yataanza kumiminika muda si mrefu, na mengi hayahusu kipindi: Yanga wanamzodoa mgeni, Simba wanamtetea. Yachuje. Utani wa jadi weka kando, yanayobaki yagawe mafungu matatu: maswali, mtangazaji, sauti. Lalamiko lenye dakika ("14:20 mtangazaji kamkatiza mgeni") lina thamani kuliko "mko vizuri" hamsini.

Grafu ya utazamaji kwenye YouTube Studio (ukurasa wa mwenye chaneli), inayoonyesha ni watazamaji wangapi wamebaki kila dakika ya kipindi, haina ushabiki, ila huchelewa siku moja hadi mbili. Tazama kwanza sekunde 30 za mwanzo: mstari ukiporomoka hapo, mara nyingi ni utangulizi mrefu, au kichwa kimeahidi kisichokuwemo. Bonde la katikati ni watu waliorusha mbele. Kilima ni waliorudia, na hapo usishangilie upesi: huenda jibu lilikuwa tamu, huenda maikrofoni ilikwaruza wakashindwa kusikia.

Mimi naona grafu itangulie. Andika dakika zilizoporomoka, kisha tafuta maoni yanayozitaja. Idadi ya "laiki" iache. Mashabiki hubonyeza hata kabla mgeni hajaketi.