Kwiri ya kuongeza ya Microsoft Access: idadi inatoa, mistari yenyewe inaificha

Microsoft Access, programu ya hifadhidata, imekuwapo tangu 1992, na miongoni mwa zana zake zinazotegemewa sana ni kwiri (agizo linalopewa hifadhidata) ya kuongeza, yaani ile inayochukua mistari ya jedwali moja na kuiingiza katika jedwali jingine lenye mistari yake tayari. Tathmini hii inahusu zana hiyo peke yake.

Katika kuunda kwiri, sina lawama kubwa. Mtumiaji huanza na kwiri ya kawaida ya kuchagua, huweka masharti yake, kisha hubonyeza kitufe cha kuigeuza iwe ya kuongeza na kutaja jedwali lengwa. Safu zenye majina yanayolingana katika majedwali yote mawili huoanishwa na programu yenyewe, na zile zenye majina tofauti huoanishwa kwa mkono. Kabla ya kuiendesha, mtu anaweza kuitazama katika mwonekano wa jedwali na kuona mistari itakayopelekwa bila chochote kuguswa. Hatua hiyo ina thamani kuliko kitu kingine chochote katika zana hii, na inasikitisha kwamba programu haimlazimishi mtu kuipitia. Hata suala la namba zinazojizalisha zenyewe limetatuliwa kwa busara: safu hiyo ikiachwa nje ya kwiri, jedwali lengwa hutoa namba mpya, na ikijumuishwa, namba za zamani huhamia kama zilivyo, jambo la lazima pale majedwali mengine yanapozirejelea.

Udhaifu hujitokeza wakati wa kuendesha. Mistari fulani ikishindwa kuingia, dirisha la onyo hutaja idadi tu: mingapi imegongana na ufunguo msingi (safu inayotambulisha kila mstari na isiyoruhusu marudio), mingapi imezuiwa na kufuli la data inayotumika kwingineko, mingapi imevunja kanuni za uhalali, na ni thamani ngapi zilizoshindwa kugeuzwa aina. Ni mistari ipi hasa, halisemi. Kisha huuliza kama uendelee hivyo hivyo, na ukijibu ndiyo, iliyokubalika huingia na iliyokataliwa huachwa. Katika PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, kwa kulinganisha, amri ya INSERT yenye SELECT, inayofanya kazi hiyo hiyo, hufaulu yote au hushindwa yote, na anayetaka mistari iliyogongana irukwe hulazimika kuandika ON CONFLICT DO NOTHING kwa mkono wake mwenyewe.

Kundi la mwisho katika onyo hilo ndilo la kuogopwa zaidi. Tarehe iliyoandikwa kama maandishi, tena kwa namna isiyosomeka, haizuii mstari wake kuingia. Mstari huingia ukiwa na nafasi tupu mahali pa tarehe, na kama safu hiyo haikuwekewa sharti la kujazwa, pengo hilo linaweza kukaa muda mrefu bila mtu kuligundua. Wakati huohuo, mistari inayorejelea mstari mzazi usiokuwapo katika jedwali jingine huhesabiwa pamoja na migongano ya ufunguo, kwa hiyo anayetafuta nakala rudufu peke yake atazunguka sana kabla ya kuupata ugonjwa wenyewe. Njia ninayoipendekeza ni kuunganisha jedwali chanzo na jedwali lengwa kwa muunganiko wa kushoto (unaobakiza mistari yote ya chanzo, hata isiyo na mwenzake katika lengwa) ndani ya kwiri hiyo hiyo, na kuchagua mistari isiyo na mwenzake tu, ili nakala rudufu zisiingie katika hesabu hiyo.

Muunganiko huo unasaidia pia katika kasoro nyingine: kwiri iliyohifadhiwa huendeshwa upya kila inapofunguliwa kwa kubofya mara mbili, na baada ya kuthibitisha hakuna kitufe cha kutendua. Jedwali lengwa lisipokuwa na ufunguo wala faharasa isiyoruhusu marudio, mistari ileile itaingia tena bila pingamizi. Nakala ya chelezo kabla ya kuanza si hiari hapa.

Kwa wanaoandika msimbo, hali ni bora kidogo, mradi wasizime maonyo kwa SetWarnings, desturi iliyoenea mno. Amri ya Execute, inayoendesha kwiri kutoka kwenye msimbo, ikipewa chaguo la dbFailOnError husimama kwenye kosa na kurudisha nyuma kila ilichokwisha kuingiza. Bila chaguo hilo, hata ile idadi ya mistari iliyokataliwa haionyeshwi.