Kalamu za Wino za Kichina: Nilivyoacha Kuilaumu Nibu

Kalamu yangu ya kwanza ya Kichina niliinunua kwa majaribio tu, nikijiambia kwamba ikiharibika sitalia. Ilikuwa Jinhao X450: mwili wa chuma uliopakwa rangi, nzito mkononi, nibu (kile kichuma cha kuandikia kwenye ncha) kubwa, ya ukubwa wa namba 6. Niliijaza wino dakika ileile niliyoitoa kwenye boksi. Haraka yangu hiyo ilinigharimu, maana kalamu mpya, ya kampuni yoyote ile, inaweza kuja na mabaki ya mafuta ya kiwandani yanayofanya wino ukatike katikati ya neno. Siku hizi kalamu ikifika inaoga kwanza: maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kusuuzwa, kisha inalala usiku kucha ikikauka.

Baada ya kuoga, X450 yangu iligeuka mkarimu kupita kiasi, ikitoa wino mwingi mno. Niliijaza Waterman Serenity Blue, wino laini unaoteleza, na kwenye daftari la kawaida herufi zikaota ndevu na kutokeza upande wa pili. Nikaanza kuilaumu nibu. Siku moja, kwa kuwa chupa nyingine ndiyo iliyokuwa karibu, nikajaza Pelikan 4001, wino usiotoka kwa pupa. Kalamu ileile, daftari lilelile, na mistari ikatulia! Tangu hapo kanuni yangu ni moja: kalamu mkarimu ipe wino bahili, kalamu bahili ipe wino unaoteleza.

Hero 616 ndiyo iliyonithibitishia. Nibu yake imefichwa, ncha tu ndiyo inayochungulia, kwa mtindo wa kalamu ya zamani ya Parker 51, na unaijaza kwa kuminya kifuko kilicho ndani. Yangu inaandika mstari mwembamba, na kwa Pelikan ilikuwa kama inaombwa deni. Serenity Blue ile niliyokuwa nimeipa kisogo ikapata nyumba humo.

Wing Sung 3008 ni habari nyingine. Mwili wake unaonyesha ndani na unavuta wino kwa pistoni, bila kibomba cha kuchomeka, kwa hiyo rangi unaichagulia macho kabla ya karatasi. Yangu imekaa na wino wa Kon-peki wa Pilot Iroshizuku, buluu ya anga la mchana, na nakiri kuna wakati naigeuzageuza tu bila kuandika kitu. Wino mwekundu mkali siutii humo. Plastiki angavu ikishika doa, haliachi kirahisi.

Kuhusu wino wenye vumbi la rangi ya dhahabu, kama Emerald of Chivor ya J. Herbin: tikisa chupa kabla ya kujaza, tumia nibu nene, na usiuache ukalala ndani wiki nzima, kwa sababu vumbi linatuama na kuziba njia. Wino wa aina hii sithubutu kuuweka kwenye kalamu ya gharama. X450 inaubeba bila mimi kukosa usingizi.

Kasoro zipo. Kwenye chapa moja, ambayo sitaitaja, nilichukua kalamu mbili za aina moja kabisa: moja inateleza kama samli, nyingine inakwaruza kama kucha ukutani. Nilipoitazama kwa lenzi niliona meno mawili ya nibu, yaani pande mbili za ncha iliyopasuliwa, hayako sawa, moja limepanda juu ya lingine. Nikalisukuma polepole kwa kucha ya kidole gumba, nikiandika mstari na kutazama tena, mara nne au tano hivi, mpaka mkwaruzo ukaisha. Sasa ina Oxblood ya Diamine, wekundu wa damu iliyoganda, na ndiyo niliyoandikia rasimu ya maelezo haya.

Kinachoniumiza ni chupa. Kalamu hizi zinanivuta kwa sababu ya urahisi wake, halafu chupa moja ya Iroshizuku inanigharimu kuliko kalamu ninayoijaza, na rafu imeshaanza kujaa.